Waya wa Chumba cha Ndani

Taa ya modemu ilipepesa mara tatu, ikanyamaza.
Wiki ya pili sasa
intaneti inatoka nyumbani kama mgeni asiyeaga,
hasa simu ya mezani inapolia.
Ikilia, skrini inaganda. Nahida yumo katikati ya kemia,
mdomo wa mwalimu wake umeachama
kama wa chewa juu ya barafu.

Nikampigia Fundi Mwarandu. Yuko Malindi;
basi, kisha boti, hadi afike Amu ni kesho kutwa.
"Kifaa usikiguse," akasema, "kifaa ni kizima.
Fuata waya. Anzia pale unapoingilia."

Unapoingilia: juu ya daka,
kijisanduku kilicholiwa na chumvi
kikabaki meno.
Nikachomoa kila kitu, nikachomeka modemu papo hapo,
kompyuta mapajani, punda wa jirani ananichungulia,
na intaneti ikaja. Ikatulia
kama maji ya mtungini.

Kumbe ugonjwa umo ndani.

"Mna matawi mangapi?"
Mawili, nikamwambia. Mwarandu akacheka.
"Nyumba za huko? Tafuta la tatu."

Basi ngazi, tochi, bisibisi ya cherehani.
Waya unatoka dakani, unapinda tekani,
unavuka kiwanda juu ya kamba ya nguo,
unaingia msana wa tini, unapita msana wa yuu,
na humo ndimo nilimoupoteza:
chokaa ya kila Shaaban imeufunika,
tabaka juu ya tabaka,
umekuwa mshipa tu, uvimbe mwembamba ukutani.
Nikaufuata kwa kidole, kama asomaye gizani.
Kila hatua, kimsumari cha viatu.
Kila kiungo, plasta ya kidonda.

Baba alikuwa dresa hospitalini.
Hakujua umeme. Alijua kufunga.

Ukaishia chumba cha ndani kabisa,
kwenye zidaka, nyuma ya bakuli la bluu:
soketi isiyo na simu, mjusi ametagia humo.
Na hapo nikakumbuka kitanda kilipokuwa.

Bi Mwanatumu hakuinuka tena mwaka ule.
Mwanawe Shekue alipiga kutoka Jeda kila Ijumaa usiku,
nasi tukipokezana ujumbe mbio, kutoka tekani hadi ndani,
tukiupunguza njiani, mimi na ndugu zangu,
hata salamu ya dakika tano ikifika ni neno moja: "Hajambo."
Bibi akagomba: "Mato yamezimika, shikio li hai!"
Kesho yake Baba akapanda ngazi.

Mwarandu alisikiliza yote haya, muda wa maongezi ni wangu.
Kisha akasema, bila haraka:
"Sauti ikifika mwisho wa waya isikute mtu, hurudi.
Ikirudi hugongana na inayokuja.
Na huo uzi wa tatu, wa kengele,
haupeleki kitu siku hizi, unaokota kelele tu.
Kata kwenye kiungo cha kwanza."

Sikukata. Nilibandua plasta.
Gundi ilikuwa imegeuka asali kavu,
na chini yake shaba, wallahi, inang'aa,
haikuonja chumvi tangu mkono wake uisokote.
Nikaisokotoa kinyume, uzi, uzi wa pili,
huo wa kengele ukakatika wenyewe.

Kasi haikupanda sana. Nne ikawa saba.
Vichujio viwili bado natakiwa kununua,
na Mwarandu anadai nusu ya malipo
ingawa ngazi ni yangu na vumbi limo machoni mwangu.
Waya wenyewe umebaki ukutani,
maana kuung'oa ni kuing'oa chokaa yote.

Baada ya isha simu ikalia.
Nahida akashika meza kwa mikono miwili.
Mwalimu akaendelea kusema.
Simuni, mwanamume wa mbali, namba kaikosea,
anatafuta nyumba ya wageni:
kuna chumba, hata kimoja, cha ndani, kisicho na kelele?

Nikatazama kule. Mlango nilikuwa sijaufunga.
Nikamwambia hapana, bwana, umekosea.
Akaomba radhi. Sikuweka mkono wa simu chini mara moja.